Bingwa Aliyebaki Majini Igogo

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, Shigela Mashimba, fundi wa kuchomelea mageti wa Igoma, alimaliza wa nne katika mashindano ya kuogelea ya Kombe la Ghuba. Karatasi ya waamuzi, ambayo mtu yeyote anaweza kuiomba kwa katibu wa kamati, inaonesha kuwa alitumia saa 2, dakika 7 na sekunde 31. Pembeni mwa jina lake kuna maneno machache ya kalamu nyekundu: "Alifika mita thelathini kutoka kwenye utepe kwa saa 1, dakika 48 na sekunde 20. Wa kwanza. Akasimama."

Mita thelathini Shigela huzimaliza kabla mtu hajafunga kamba za viatu. Siku hiyo zilimchukua dakika kumi na tisa na sekunde kumi na moja. Hakuwa mgonjwa, misuli haikumbana, na hakukuwa na mamba.

Alizaliwa mwaka 1983 upande wa Sengerema, kwenye nyumba ambayo ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu na walisikilizwa zaidi. Kiangazi, majani mazuri yalikuwa ng'ambo ya kighuba kidogo. Kuzunguka kwa miguu ilikuwa mwendo wa saa nzima, na ng'ombe wa baba yake hawakuwa wavumilivu. Waliingia majini wakavuka. Mchungaji aliyebaki nyuma alibaki nyuma. Akiwa na miaka tisa, Shigela alishika mkia wa dume moja jekundu, akavuka nalo. Msimu uliofuata aliuachia mkia katikati ya maji ili aone itakuwaje. Dume liligeuka likamtazama, likaendelea na safari, naye akalifuata.

Kwa hiyo anaogelea kama ng'ombe. Hilo si tusi, ni maelezo. Pua iko juu kidogo ya maji, macho yanatazama anakokwenda, na kila anapotoa pumzi anakoroma kwa sauti inayosikika mbali. Mwaka 2016, alipojitokeza kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Ghuba, vijana waliofundishwa kwenye mabwawa ya Dar es Salaam walimsikia akipasha misuli wakaanza kutazamana. Kocha mmoja alimuuliza kwa upole ni nani aliyemfundisha. Shigela alimjibu ukweli. Kocha alidhani anadharauliwa, akaondoka.

Mashindano yenyewe ni ya kilomita sita, kutoka gati la Kamanga hadi ufukwe wa Kapripointi. Mwaka ule wa kwanza Shigela aliingia majini na kaptula ya mpira wa miguu. Walipofika kilomita ya nne kaptula ilikwenda njia yake. Alifika Kapripointi akiwa wa kumi na moja, akakaa majini, akahesabu watu kumi na wawili wakimpita kwenda kwenye utepe. Aliyemwokoa ni mtu aliyekuwa akizungukazunguka na mtumbwi kwa starehe zake, Projest Rugemalira, mwenye duka la dawa Igogo. Projest alivua shati lake, akamrushia.

"Livae kichwa chini," alimwambia. "Miguu ipite kwenye mikono."

Shigela alitoka majini akiwa amevaa shati la mfamasia kama suruali, kola ikiwa nyuma. Akawa wa ishirini na tatu kati ya ishirini na watatu. Watu wa Mwanza walimsahau mshindi wa mwaka ule, jina lake halikumbukwi hata na kamati, lakini kaptula wanaikumbuka mpaka leo.

Projest ni Mhaya, na anasema tangu siku ile aliona ni wajibu wake kumsaidia Msukuma huyu aishi kama watu. Alijiteua kuwa msindikizaji wake. Sheria za Kombe la Ghuba zinataka kila muogeleaji awe na mtumbwi wa kumsindikiza, na mtumbwi huo usimwache mpaka atoke majini. Muogeleaji akigusa mtumbwi, ametolewa. Akipokea nguo au msaada wowote kabla ya kuvuka utepe, ametolewa. Kinachoruhusiwa ni chakula tu, tena kwa mti mrefu. Projest alifunga kikombe cha plastiki kwenye mti wa ndoano, akawa anamlisha Shigela michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa, iliyochemshwa ikalainika. Mwaka mmoja alijaribu kumpa senene, wale panzi wa kukaanga wanaoliwa kwao, akisema ndicho chakula cha mabingwa. Shigela aliwatema wote karibu na Kamanga, na ule ndio mwaka pekee walioshindana bila kuzungumza.

Projest huyohuyo ndiye aliyeagiza Dar es Salaam vazi halisi la kuogelea, jeusi, dogo, la kubana. Alisema litampunguzia dakika nne. Mke wa Shigela, Modesta, alilishika kwa vidole viwili, akalinyoosha mbele ya taa, akauliza sehemu iliyobaki italetwa lini.

Lilimpunguzia dakika sita. Mwaka 2020 Shigela alishinda. Mwaka 2021 alishinda. Mwaka 2022 alishinda kwa kumwacha mtu wa pili, Obedi, fundi mitumbwi kutoka Ukerewe, kwa dakika tatu. Mwaka 2023 akamwacha kwa tano. Kila mwaka alipewa kombe akae nalo miezi kumi na miwili, kisha alirudishe asubuhi ya mashindano. Lakini kipengele cha tisa cha sheria kinasema kwamba atakayeshinda mara tano mfululizo, kombe linakuwa lake moja kwa moja, na kamati itafute jingine. Akikosa mwaka mmoja tu, anaanza kuhesabu moja.

Shigela ni mtu mnyamavu, lakini kipengele cha tisa kilimwingia. Julai 2024 alichomelea kabati la chuma lenye kioo mbele na kitasa chenye funguo, akalifunga ukutani sebuleni kwa boliti nne. Ndani aliweka kishikizo cha duara, kipimo kamili cha kitako cha kombe, ambacho kikikaza hakifunguki bila msumeno. Asubuhi ya mashindano, alipomkabidhi kombe mwamuzi mkuu, mwalimu wa michezo aitwaye Felicitas, alimwomba asiliweke mbali.

"Kwa nini?" aliuliza Felicitas.

"Jioni nalichukua."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani yake. Alimpa risiti.

Kombe hilo lingekuwa limefungwa kwenye kabati sasa hivi kama si mwavuli wa kijani.

Mwavuli ni wa mama Sabina, mama mzazi wa Modesta, anayekaa Kisesa. Shigela alimwoa Modesta mwaka 2009, na tangu siku hiyo yeye na mama mkwe wake hawajawahi kukaa pamoja, kula pamoja, kupeana mkono wala kutazamana usoni. Hawana ugomvi. Ni heshima, na kwao inashikwa barabara. Wakikutana njiani, Shigela huingia kwenye majani mpaka mama apite. Mama naye hujifanya anatafuta kitu upande wa pili wa barabara, na mara mbili amepata: shilingi mia tano na koleo. Mama Sabina akija Igoma kumsalimia bintiye, mkwe hutoka. Kwa ajili hiyo nyumba ya Shigela ina mageti mawili, moja mbele na jingine nyuma, yote kazi ya mikono yake. Wateja hudhani la nyuma ni la maonesho ya biashara. Mama hukohoa mara tatu kwenye geti la mbele, na la nyuma linasikika likifunguka.

Simu zilipoenea kulikuwa na wasiwasi. Mwaka 2012 wazee wa pande zote mbili walikaa mchana mzima wakijadili, wakaamua kwamba sauti ya kwenye simu ni sauti, kwa hiyo haifai, ila ujumbe wa maandishi hauna macho wala mdomo, kwa hiyo hauna kosa. Tangu hapo, kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, simu ya Shigela inalia. "Baba habari. Mvua hapa hakuna." Naye anajibu, "Shikamoo mama. Hapa pia hakuna." Wamejuliana hali ya hewa kwa miaka kumi na miwili, na Modesta anasema hajawahi kuona watu wanaopendana kama hao wawili.

Basi, mtu mwenye mkwe wa namna hiyo hawezi kutoka majini mbele yake na lile vazi la Projest. Ingekuwa afadhali lile shati.

Hilo lilijulikana, na lilipangiwa. Kila mwaka Modesta alihakikisha mama yake yuko mbali na Kapripointi siku ya mashindano. Mwaka 2024 mama alikuwa mjini kwa shughuli zake, akauliza akakae wapi mpaka mambo yaishe. Modesta alifikiri, akamwambia aende mwalo wa Igogo, pale wanawake wanapoanika dagaa, kwa rafiki yake wa siku nyingi aitwaye Dorcas. Kutoka Kapripointi mpaka Igogo si karibu, na mtu hawezi kuona kitu. Mama Sabina alishukuru. Saa moja asubuhi alikuwa ameshafika, akapewa kigoda, akafungua mwavuli.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hiyohiyo, upepo ulikuwa umeshasukuma magugumaji na kuyajaza Kapripointi, kijani kitupu kutoka ufukweni hadi mita mia mbili ndani. Kamati ikaamua kuhamisha utepe. Waogeleaji waliambiwa wakiwa Kamanga, nusu saa kabla ya kuanza: mwisho ni mwalo wa Igogo. Shigela aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na neno na Igogo. Kila alfajiri hufanya mazoezi hapohapo.

Mama Sabina alishangaa kidogo vijana wa kamati walipofika na nguzo mbili, wakazichimbia hatua nne mbele ya kigoda chake, wakafunga utepe. Ilikuja bendi ya tarumbeta. Vikaja vipaza sauti. Baada ya saa moja mwalo ulikuwa umejaa watu, nyuma yake ukuta wa wapiga tarumbeta, kulia na kushoto meza za dagaa.

"Kuna nini hapa leo?" alimuuliza Dorcas.

"Nasikia kuna watu wanakimbizana majini."

"Si wako Kapripointi?"

"Labda hawa ni wengine."

Mama aliona hilo linawezekana. Mji ni mkubwa. Alikaa vizuri, atazame.

Shigela alikuwa na siku nzuri kuliko zote za maisha yake. Upepo ulikuwa mgongoni, michembe ilikuwa laini, na kukoroma kwa Obedi hakukusikika kwa sababu Obedi hakoromi na pia alikuwa mita mia nne nyuma. Alipofika mahali ambapo mguu unagusa mchanga alisimama, maji yakiwa kidevuni, akapandisha miwani apate kuuona utepe vizuri. Kabla ya utepe aliuona mwavuli wa kijani wenye ubavu mmoja uliochomoza kama kidole. Ule ubavu aliuunga mwenyewe kwa waya wa kuchomelea, mwezi Machi, Modesta alipouleta nyumbani umevunjika. Hakuna mwingine kama huo Mwanza.

Akashuka tena mpaka maji yakamfika mdomoni.

"Unafanya nini?" aliuliza Projest kutoka mtumbwini.

"Nimefika."

"Hujafika. Utepe ule pale."

"Siwezi kutoka."

"Kuna nini? Mamba?"

"Mkwe."

Projest aliinua kichwa, akaanza kutafuta ufukweni.

"Yupi?"

"Mwavuli wa kijani. Usimtazame."

"Kwangu mimi si mkwe, naruhusiwa." Alitazama kwa makini, akarudi kwa Shigela, akatazama lile vazi jeusi lililokuwa likionekana kidogo majini, kisha akakaa chini kwenye mtumbwi. Alicheka mpaka mtumbwi ukaingia maji, ikabidi ayatoe kwa kile kikombe cha michembe.

"Nipe shati," alisema Shigela.

"Nikikupa shati umetolewa."

"Najua."

"Sasa unaniomba nini?"

"Nilikuwa nasema tu."

"Nenda kamwambie aondoke," aliongeza Shigela.

"Nikikuacha pia umetolewa. Halafu nikamwambie nini? Shikamoo mama, funga macho, mkwe wako anapita?"

Kupiga kelele kutoka majini haikuwezekana, kwa sababu kumwita mkwe kwa sauti mbele ya umati huku uko nusu uchi ni kosa kubwa kuliko lile unalolikwepa. Shigela aliamua kusubiri. Alihesabu kuwa ana dakika nane mpaka Obedi afike, na kwamba katika dakika nane mama yeyote atakumbuka kazi aliyoacha nyumbani.

Ufukweni watu hawakuelewa. Tarumbeta zilipiga wimbo wa ushindi mara moja, zikanyamaza. Mzee mmoja alisema bingwa anakojoa. Dakika ya tatu ilipopita, akasema amekunywa maji mengi. Kisha mtu akakumbuka mwaka 2016, na neno likapita kutoka meza hadi meza ya dagaa: kaptula imebaki njiani tena.

Mama Sabina hakumjua. Alichokiona ni kichwa chenye kofia nyeusi ya mpira na miwani juu yake, kinachoelea kama nazi. Kilimuudhi. Yeye ni mtu wa kazi, na hapendi kuona kitu kimebakiza kidogo kikaachwa.

"Wewe kijana," aliita. "Toka."

Shigela alisikia. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano mama mkwe wake kumsemesha moja kwa moja.

"Toka, baba, watu wana shughuli. Umetoka huko kote, hapa ndipo unapochoka? Mzembe huyu, Dorcas. Mke wake ana kazi."

"Ana kazi kweli," alisema Dorcas.

"Mama anasema utoke," alisema Projest kwa heshima zote.

"Nimemsikia."

"Si ni mkwe wako? Utamkatalia mkwe?"

Projest akaona awe na manufaa. Alisimama mtumbwini, akamwita mwamuzi mkuu aliyekuwa kando ya nguzo na saa mkononi.

"Mwalimu, tunaomba utepe usogezwe hatua thelathini kushoto."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu ya kifamilia."

"Muogeleaji anaumwa?"

"Haumwi."

"Anataka kuokolewa?"

Projest aliinama, akauliza, akainuka. "Hataki."

"Utepe umeshahamishwa mara moja leo," alisema Felicitas. "Ukihama tena utakuwa si utepe, utakuwa mbuzi." Akatoa kalamu nyekundu, akaandika.

Obedi alifika dakika ya nane, kama ilivyohesabiwa. Alikuwa amezoea kuona miguu ya Shigela ikitokomea mbele yake, na alipokikuta kichwa kimesimama, naye alisimama.

"Umebanwa na msuli, kaka?"

"Hapana."

"Kuna kitu?"

"Mkwe wake yuko pale," alisema Projest. "Mama."

Obedi alipandisha miwani yake, akatazama ufukweni, akatazama maji yalivyokuwa yamemfika Shigela. Kwao Ukerewe nako mambo haya yanajulikana. Hakucheka.

"Pole sana."

"Asante."

"Ningekuwa mimi, ningefanya hivyohivyo."

"Najua."

Walisimama pamoja kidogo, kama watu waliokutana msibani. Kisha Obedi akarudisha miwani machoni.

"Wa kwangu yuko Ukerewe," alisema, akaondoka. Alivuka utepe kwa saa 1, dakika 57 na sekunde 2. Tarumbeta, zilizokuwa na hamu ya kazi, zilimpigia nyimbo mbili. Mama Sabina alimpigia makofi.

"Umeona?" alikiambia kile kichwa. "Mwenzako."

Modesta wakati huo alikuwa juu ya bodaboda. Alikuwa amesimama Kapripointi na taulo tangu saa mbili, akitazama magugumaji, mpaka mlinzi mmoja alipomwambia mashindano yamehamia Igogo. Alipanda bodaboda bila kuuliza nauli. Alipofika mwalo aliona vitu viwili kwa pamoja, mwavuli na kichwa, na hakuhitaji kuelezwa. Alipita katikati ya tarumbeta akitumia viwiko.

"Mayu," alimnong'oneza mama yake, "huyo unayemwambia atoke ni Baba Kulwa, mkweo."

Mama Sabina aliufunga mwavuli. Halafu akaufungua, akaushusha mbele ya uso wake, akabaki nyuma yake.

"Amenisikia?"

"Igogo yote imekusikia."

"Nimemwita nini?"

"Mzembe."

Mwavuli ulitikisika kidogo. "Hajavaa?"

"Amevaa. Lakini si cha kuonwa na wewe."

"Nitoe hapa."

Hakukuwa na pa kumtolea. Nyuma tarumbeta, pembeni meza, mbele ziwa lenye mkwe. Na mwavuli hautoshi, maana Shigela angelazimika kupita hatua nne kutoka magotini pake, na yeye asingepita hata kama mama angekuwa ndani ya gunia. Waogeleaji wengine wawili walitoka majini wakati familia ikitafakari, mmoja askari wa zimamoto, mwingine mwanafunzi wa chuo aliyesema "asante sana" kwa kila mtu.

Dorcas ndiye aliyemaliza. Aliukung'uta mzigo wa dagaa kutoka kwenye turubai lake la buluu, jambo ambalo waliomjua hawakuamini, akawaita wenzake. Wanawake wanane walilisimamisha turubai kwa kulishika juu ya vichwa vyao, likawa ukuta kutoka nguzo ya utepe hadi meza ya kwanza, na mama Sabina akabaki upande wa pili pamoja na harufu. Modesta alipunga taulo mara tatu.

Shigela alitoka. Alitembea wima, bila haraka, akavuka utepe, akamtazama mwamuzi.

"Wa nne," alisema Felicitas. "Risiti yako unayo?"

"Ninayo."

"Nitaihitaji."

Alimkabidhi. Kutoka nyuma ya turubai sauti ya mwanamke mtu mzima ilikohoa mara tatu. Shigela, kwa mazoea, alianza kutafuta geti la nyuma.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kabati lilikuwa ukutani bila kombe, kishikizo kikiwa wazi, na ndani yake Modesta alikuwa ameshaweka chupa ya chai kwa sababu humo haianguki. Saa kumi na mbili kamili jioni simu ililia. Shigela aliisoma akiwa amesimama.

"Baba habari. Pole na maji. Mvua hapa hakuna."

Alichukua muda mrefu kuliko kawaida kujibu. "Shikamoo mama. Asante. Hapa pia hakuna."

Lakini mama Sabina si mtu wa kuacha kitu kimebakiza kidogo. Alijua kipengele cha tisa, Modesta alikuwa amemsomea. Alijua mkwe wake ana miaka arobaini na mmoja, na kwamba kuhesabu tena mpaka tano kutamfikisha arobaini na sita, umri ambao watu wengi huogelea kwa kutazama. Alihesabu kwamba yeye ndiye aliyemnyang'anya kombe. Desemba aliwaita wazee wa pande zote mbili, akaleta mbuzi dume, akasema anataka heshima ile ifunguliwe, mkwe awe huru kupita mbele yake popote na vazi lolote. Wazee walikula mbuzi, wakafungua. Hawakuona ubaya.

Jumamosi iliyofuata mama Sabina alikuja Igoma kwa geti la mbele bila kukohoa. Aliketi sebuleni. Shigela aliketi pia. Modesta aliwaletea chai kutoka kabatini, akatoka nje, akasimama dirishani. Anasema mama alitazama kalenda. Shigela alitazama boliti. Baada ya dakika kumi mama alisema mvua bado. Shigela akasema kweli, bado. Baada ya dakika nyingine tano, aliinuka, akasema kuna mteja, akatoka kwa geti la nyuma. Hakukuwa na mteja. Mama alishusha pumzi, akanywa chai yote.

Jioni ile simu ililia, siku moja kabla ya zamu yake. "Baba, tufunge tena?" Jibu lilirudi haraka kuliko lolote katika miaka kumi na miwili. "Ndiyo mama. Tufunge." Wazee waliletewa mbuzi wa pili, safari hii wa Shigela, wakafunga. Hilo nalo hawakuliona baya.

Likabaki suala la kombe, na mama Sabina alilimaliza kwa njia aliyoweza. Machi 2025 alikwenda mwenyewe kwa Felicitas na daftari, akaandika tarehe na mahali pa utepe pa mwaka huo, kisha pa akiba endapo magugumaji yatarudi, kisha pa akiba ya pili. Aliuliza kama kamati ina mpango wowote wa kupeleka mashindano Shinyanga. Mwalimu alimweleza kwamba Shinyanga hakuna ziwa. Mama alisema anajua, anataka tu iandikwe. Felicitas aliandika, akapiga mhuri.

Kombe la Ghuba la mwaka huu litafanyika Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025, kuanzia saa mbili asubuhi. Shigela ataingia majini Kamanga na vazi lilelile, Projest akiwa na kikombe cha michembe, na akishinda itahesabiwa moja. Mama Sabina ataondoka Kisesa Alhamisi, na mwavuli wake, kwenda kwa kaka yake Shinyanga, na atarudi Jumatatu.